Namna ya Kumposea Tausi

Mtu akikwambia amekuletea tausi, usishukuru kabla hujauliza wangapi. Mimi nilitanguliza shukrani. Shemeji alishuka kwenye gari na tenga la kubebea kuku, mkia umechomoza nje kama fagio la chelewa, akasema, "Shemeji, huyu hana gharama. Ni mfugo huria, anajitafutia mwenyewe." Na kweli alijitafutia. Wiki ya kwanza alijitafutia mchicha wangu, ya pili akahamia kwenye nyanya za jirani, ya tatu akaanza kutafuta mtu.

Tausi akitafuta mtu, mtaa mzima hujulishwa. Magharibi hupanda juu ya mwembe, na usiku wa manane hutoa ukelele ambao mgeni atadhani paka amebanwa mlangoni na kuna mtu anampulizia tarumbeta kumliwaza. Hapa kwetu Morogoro, chini ya Uluguru, ukelele hugonga mlima ukarudi. Naye akisikia mwangwi wake hudhani amejibiwa, basi huanza upya. Muadhini wa mtaa wetu, mtu mpole sana, alinisubiri siku moja nje ya msikiti akaniuliza kwa adabu kama yule ndege anaweza kuombwa asubiri kidogo alfajiri, yeye amalize kwanza.

Dawa ikawa moja midomoni mwa wote: "Mwalimu, mtafutie mwenzake." Hakuna aliyeongeza neno. Nimewahi kuwa mshenga wa binadamu mara mbili, na ndoa zote mbili zipo hadi leo, kwa hiyo nikaona hili ni jambo la wiki moja. Huu ni mwaka wa pili. Haya yafuatayo nimeyaandika ili wewe uliyepewa tausi jana usipoteze muda kama mimi. Utapoteza muda kwa namna yako.

Kwanza, mjue unayemposea. Mshenga asiyejua sifa za bwana harusi hufukuzwa kwa maji ya sufuria. Huyu wetu wa buluu asili yake ni Bara Hindi na Sri Lanka, na India ilimfanya ndege wa taifa mwaka 1963. Kwa Watanzania yeye ni ndege wa Ikulu, na hilo limemwingia kichwani. Ule mkia unaosifiwa si mkia hasa. Ni manyoya ya chini ya mgongo yaliyorefuka, kama 150 hivi. Mkia wenyewe ni mfupi, wa rangi ya udongo, umejificha nyuma ukiyainua yale marefu kama mpambe anayeshika shela ya bibi harusi na hapigwi picha. Dume hukamilisha urefu wa manyoya yake akifika kama miaka 3. Kabla ya hapo ni kijana mwenye maneno tu. Na kila mwaka, msimu wa kupandana ukiisha, manyoya yote yale hunyonyoka. Yaani mahari inaanguka chini, watoto wa mtaa wanaokota na kwenda kuchomeka kwenye chupa ya soda juu ya kabati la televisheni. Bwana harusi anabaki na kiuno kitupu, anatembea pembeni mwa ukuta, hasalimii mtu.

Charles Darwin alimwandikia rafiki yake mwaka 1860 kwamba kila akiutazama unyoya wa mkia wa tausi anajisikia kuugua, maana haukuingia katika hesabu zake za jinsi viumbe wanavyojinusuru na maadui. Baadaye alikuja na jibu: majike ndio wanaochagua. Yeye aliugua kwa nadharia. Mimi naugua kwa kukosa usingizi, na majike hawajafika.

Jambo la pili la kumjua ni kwamba si mwoaji. Hili ungelijua mapema usingehangaika na barua ya posa. Porini madume hukusanyika kwenye uwanja wao, kila mmoja na kipande chake cha ardhi, wanafungua mikia na kusubiri. Jike hupita, hukagua, huchagua, na yakiisha huenda zake kutaga mayai 4 mpaka 8 kwenye kishimo alichokuna chini ya kichaka, akayaatamia peke yake siku 28 hivi, akalea peke yake. Baba hajui hata vifaranga wamezaliwa siku gani. Kwa hiyo tunaposema "mwenzake" tumeshaongopa, lakini neno limezoeleka, tuendelee nalo.

Mwenzi anayefikiriwa kwanza ni tausi jike. Ni wazo zuri, na kama una eneo na fedha, ishia hapa ufunge ukurasa. Ila usilete jike mmoja. Mmoja atasumbuliwa asubuhi mpaka jioni hadi ajute kuzaliwa na manyoya. Wafugaji huweka dume mmoja kwa majike watatu mpaka watano, ili kero igawanyike. Mwaka 2020, Rais Magufuli alipowagawia marais wastaafu tausi wa Ikulu, hakuna aliyeondoka na ndege mmoja wa kuja kulilia juu ya mwembe. Ndivyo zawadi inavyotolewa. Shemeji, kama unasoma, umesikia. Na kabla hujanunua, pita ofisi ya maliasili ya wilaya uulizie kibali. Usije ukaposa kumbe bibi harusi ana kesi.

Wakifika, wafungie bandani, wavu juu, kwa miezi 2 au zaidi, mahali ambapo dume anawaona nao wanamwona. Humo ndani wape chakula saa ileile kila jioni, wapigie bati au mluzi uleule, wajue kwamba hapa ndipo nyumbani. Mtu mmoja wa hapa mtaani, mwenye haraka kuliko mimi, alileta jike wake Jumamosi akamfungulia Jumapili. Jike huyo alionekana mara ya mwisho juu ya paa la shule ya msingi, anaelekea Dodoma.

Sasa, usitarajie mapenzi ya filamu. Watafiti wa Marekani waliwafunga majike kamera ndogo za kufuatilia macho, na mwaka 2013 wakachapisha walichokiona. Dume amefungua mkia, anautetemesha mpaka unavuma kama mvua kwenye mabati, na jike muda anaoutumia kumtazama haufiki theluthi. Unaobaki anaangalia majani, anaangalia kama kuna mdudu, anaangalia nyuma kama kuna adui. Na anapomtazama, hutazama zaidi sehemu za chini. Yale macho ya kijani yaliyopangwa juu kwa juu, ambayo sisi tunayapigia picha, hayamshughulishi kiasi hicho. Madume nao wana lao. Dume akimrukia jike hutoa mlio maalumu, na watafiti wa Canada waligundua kwamba karibu theluthi ya milio hiyo hutolewa wakati hakuna jike yeyote karibu. Anapiga mlio wa ushindi peke yake nyuma ya kichaka, ili majike walio mbali wadhani huyu bwana anatafutwa sana. Mitaani kwetu tunao, ila wao hawana mkia.

Mimi majike walinishinda bei, nikaanza kutafuta mwenzi miongoni mwa wenyeji. Hapa ndipo mshenga hupata elimu.

Kuku wako tayari muda wote na hawadai mahari, na ndiyo sababu usiwakubali kirahisi. Kuku wa kienyeji hubeba minyoo midogo kwenye utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hukaa kijidudu kinachokula ini. Kuku mwenyewe haumwi sana, pengine haumwi kabisa. Ni kama yule ndugu anayekuja na mafua ya nyumba nzima huku yeye anaomba chai ya pili. Tausi akidonoa mahali kuku aliponyea, au akimla mnyoo wa udongo aliyepitia hapo, huzubaa, hushusha mabawa, huanza kuharisha kinyesi cha manjano kama salfa, na usipowahi humkuti. Mayai hayo hukaa udongoni miaka. Kwa hiyo kama ua wako umefuga kuku tangu enzi za babu, usinunue tausi kabla hujazungumza na bwana mifugo kuhusu dawa ya minyoo. Na ukiwa naye hapo, mwulizie na chanjo ya mdondo, maana ugonjwa huo haujali nani ni ndege wa Ikulu. Mimi kuku wangu niliwahamishia nyuma ya nyumba, ndani ya uzio. Jogoo hajanisamehe. Kila tausi akipita nje ya wavu, jogoo hukimbia naye sambamba upande wa ndani, kifua mbele, akitaja mambo ambayo nashukuru siyaelewi.

Bata mzinga nilimfikiria kwa nusu saa. Naye hufungua mkia, naye hujiona, na ugonjwa ule wa kuku unamuua vilevile. Utakuwa umeweka wagombea wawili kwenye jukwaa moja na kipaza sauti kimoja.

Bata bukini ni mlinzi mzuri, tatizo anamlinda hata mwenye nyumba asiingie. Njiwa ni wachumba wa wenyewe kwa wenyewe. Mbuzi alidumu siku nne: alikula mtama wa tausi, pumba za kuku, na kanga ya mke wangu iliyokuwa imeanikwa, na ujumbe wake wote, akarudishwa alikotoka bila mjadala.

Nikitaja kanga ile nakumbuka kanga huyu mwingine, mwenye mabawa, ambaye kwa maoni yangu ndiye mchumba wa kweli kwa mtu asiye na uwezo wa majike. Kanga hulala mtini kama tausi. Hutembea kutwa, hula kupe na panzi, hapendi kufungiwa, na akiona nyoka au kicheche hupiga kelele mpaka mtaa wa tatu. Nilinunua sita. Kwa mwezi mmoja tausi alitembea nao kama diwani na wapambe wake, yeye katikati, wao wanazunguka wakinong'ona. Usiku alinyamaza. Muadhini alinitumia salamu. Lakini ujue mambo mawili. Moja, kanga na tausi wakikaa pamoja muda mrefu huweza kuzaa chotara, ndege wa ajabu asiyejua ukoo wake, na kesi ya mirathi utaibeba wewe. Mbili, kanga sita wakianza kuzungumza kwa pamoja saa kumi na moja alfajiri, utaukumbuka ukelele wa tausi kama kaswida. Wangu walipungua mmoja mmoja. Wawili walikwenda na mwewe, mmoja na pikipiki, na watatu waliobaki walijiunga na kanga wa jirani wa bondeni ambaye huwatupia chenga za mahindi mara mbili kwa siku. Siwalaumu.

Tausi akarudi mtini, akaanza tena na mlima.

Kuna mambo usiyajaribu kabisa. La kwanza ni kobe. Utacheka, lakini mwanasayansi Konrad Lorenz ameisimulia habari ya tausi mmoja mweupe wa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, Vienna. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kulikuwa na uhaba wa kuni na makaa, ndugu zake walikufa kwa baridi, na ili kumwokoa alihamishiwa chumba chenye joto kuliko vyote: chumba cha kobe wakubwa. Akakulia humo. Alipopevuka, maisha yake yote hakuwahi kumfungulia mkia tausi jike hata mmoja. Aliwafungulia kobe. Hebu fikiria mwenyewe: mtetemo wote ule, na bibi anachukua dakika tano kugeuza shingo. Kwa hiyo angalia kifaranga wako anakulia na nani, na kama unaishi Unguja usimpeleke matembezi Changuu, kisiwa cha kobe.

La pili ni kumtafutia ndugu wa Kiafrika kwa kudhani damu nzito. Ndugu yupo, yuko Kongo, na habari yake inapendeza. James Chapin, Mmarekani, alipata unyoya mmoja mwaka 1913 kwenye kofia ya mtu wa msitu wa Ituri, asimjue mwenyewe ni ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, akiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wamewekwa pembeni, kibao kinasema ni tausi wa India, wachanga. Unyoya ukapata mwenyewe. Ndiye tausi wa Kongo, ambaye wenyeji wa msitu walimjua siku zote na hawakuwa wamempoteza. Huyo ana mke mmoja na husaidia kulea. Lakini mkia mrefu hana. Inaonekana kwenye ukoo huu ukitaka mkia ukose ndoa, na ukitaka ndoa ukose mkia. Na yeye hauzwi, ni wa kulindwa na sheria, mwache msituni na familia yake.

La tatu ni kioo. Kuna kijana alinishauri nitundike kioo kwenye mwembe, tausi ajione asijisikie mpweke. Nashukuru sikununua, maana kioo kilikuja chenyewe. Jirani yangu wa kulia alipata Noah nyeusi, akaing'arisha kwa nta Jumamosi nzima mpaka ukiisogelea unaona meno yako. Jumapili asubuhi mlinzi wangu akagonga dirisha. "Mwalimu," akasema taratibu, "mheshimiwa yuko kwa jirani, anapigana."

Nilimkuta kwenye mlango wa dereva. Alikuwa anarudi nyuma hatua tatu, anaunyoosha mwili, anamtazama yule dume mwingine aliyemo ndani ya rangi, kisha anaruka na kucha mbele: kwarr. Yule wa ndani naye anaruka. Wanatua pamoja. Wanarudi nyuma pamoja. Hakuna mpinzani mbaya kama huyo, hachoki kabla yako. Mistari ilianzia kwenye kitasa ikashuka mpaka kwenye ringi, minne minne, kama daftari la mwandiko. Jirani alitoka na taulo kiunoni. Hatukugombana, sisi ni watu wazima. Tulikaa kwa mjumbe saa mbili tukakubaliana kwamba mimi nitalipia rangi ya mlango na kununua turubai la kufunika gari, na yeye hatalisema neno "pilau" mbele ya ndege wangu tena. Bei ya rangi ya mlango mmoja ingeninunulia jike mmoja na salio la nauli. Liandike hilo mahali.

Nilikuwa nimeshakata tamaa ya ushenga nilipogundua kwamba posa imekwisha pokelewa, na mimi sikuambiwa.

Mlinzi wangu ni mzee wa Kondoa. Hukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, kigoda pembeni, redio ya mbao juu yake kwa sauti ndogo, anabangua karanga. Jioni moja nilikaa barazani nikawa natazama bila kutia neno. Tausi alishuka mtini, akazunguka kiti mara mbili, akasimama mbele ya mzee kama hatua nne, akafungua. Akafungua wote. Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba, likapita katikati ya manyoya, ua mzima ukawa kijani. Akaanza kutetemesha. Mzee akabangua karanga, akapuliza maganda, akatazama kushoto kuangalia geti. Tausi akasogea hatua moja. Mzee akageuza redio kidogo ishike vizuri taarifa ya habari. Akamtazama tausi, muda wa kutafuna karanga moja, tena miguuni, kisha akarudi kwenye geti. Kwa kukadiria tu, haikufika theluthi.

Ilikwenda hivyo kama robo saa. Mkia ukafungwa. Tausi akaokota karanga mbili zilizodondoka, akapanda juu, akalala. Hakulia hata mara moja. Nilipomwuliza mzee kama huwa hivi kila siku, alishangaa kwamba nauliza. "Tangu kanga walipoondoka," akasema. "Anakuja, anafanya mambo yake, mimi nafanya yangu. Hana shida, Mwalimu."

Kwa hiyo tatizo langu sasa ni jingine. Mzee ameomba ruhusa ya mwezi mmoja aende Kondoa kuozesha binti yake, na siwezi kumnyima. Natafuta mlinzi wa muda. Mshahara tutaelewana, chai na chakula vipo, karanga nitanunua mimi. Awe na redio yake, na awe mtu asiyeshangaa vitu. Waliokuja mpaka sasa ni vijana watatu. Wote, mkia ulipofunguka, walitoa simu wakaanza kupiga picha, na tausi akawageuzia mgongo akaenda kutazama turubai la jirani.